Wembe wa Vipele vya Felix

Mume wangu Felix ni mtu wa kupima. Akinunua sandali atazivaa na kuzivua mpaka mwenye duka aombe radhi. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anataka wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, nilijua tumekwisha. Mashine ya kinyozi wetu hapa Kiembeni ilikuwa imemjaza vipele kidevuni na shingoni, na kanisani alikaa ameinamisha uso kama aliyeiba sadaka. Video moja ya kwenye simu ikamwambia dawa ni wembe. Basi simu ikawa mke wa pili.

Nami nilikuwa na jambo zito zaidi. Baba mkwe, Mzee Changawa, alikuwa ametoka hospitali akiwa mifupa na ngozi. Homa ya mapafu ilikuwa imemwacha, na daktari alisema dawa iliyobaki ni chakula: akila atapona, asipokula atarudi wodini na huenda asitoke. Hatukumrudisha kwake Kaloleni. Tulimlaza kwetu, chumba kinachotazama sebule, na kazi ya kumlisha ikawa yangu. Alianza kula vizuri, na mimi nikaanza kupata usingizi.

Jumamosi Felix akaniburuta hadi soko la Kongowea, kwa Abdulghani, muuza vifaa vya vinyozi. Alikwenda moja kwa moja kwenye wembe mkubwa kuliko wote, wenye picha ya simba iliyopakwa dhahabu.

"Huo weka chini, ndugu yangu," Abdulghani alimwambia. "Huo ni wa kutundika ukutani. Wallahi hata nyanya haukati."

Anayejifunza, alisema, achukue wa upana wa kadiri, kwa sababu mpana sana haupiti chini ya pua. Ncha iwe ya mviringo. Yenye pembe itakula sikio kabla mwenyewe hajajua. Aliulaza wembe juu ya kioo kuona kama umepinda, kisha akaukunja kuona kama makali yanaingia katikati ya mpini bila kugusa ubavu. Tena mtu asidanganywe na makali ya kiwandani, wembe unolewe na anayejua. Felix aliuliza maswali mpaka kivuli kikatuhama. Mwishowe akachukua mmoja mpya wa mpini mweusi, usio na pambo lolote. Abdulghani aliunoa, akaupaka mafuta usishike kutu, akaufunga kwa kitambaa cheupe.

Nyumbani Felix aliuweka juu ya kabati la sebuleni, pamoja na beseni dogo, sabuni na taulo nyeupe, vyote vipya. Alisema atanyoa akiwa tayari. Kila asubuhi aliufungua, akautazama, akashusha pumzi, akaufunga.

"Mama Boga," baba mkwe aliniita siku moja nilipompelekea chai. "Kile kilichofungwa pale kabatini ni wembe?"

"Ndiyo, baba."

"Mpya?"

"Mpya, baba. Felix kauchagua mwenyewe, kwa uangalifu kwelikweli. Ushanolewa, uko tayari."

Alitikisa kichwa polepole. "Mwanangu ana adabu," akasema.

Nilifurahi, hata nikamwambia Felix kwamba babake amemsifu. Lakini jioni hiyo mzee aliuacha uji wake. Kesho yake alionja samaki kwa kunistahi tu, akageukia ukutani. "Nimeshiba, mama," ndilo lililokuwa jibu lake. Alimpigia simu nduguye Nzai akamwambia anamwachia redio yake na mbuzi wake. Kisha akaomba arudishwe Kaloleni, eti mtu alale kwao. Nilichemka. Mke wa mwana hamkemei baba mkwe, kwa hiyo nilizikemea sufuria.

Jumapili asubuhi aliurudisha uji bila kuugusa, na adabu ikanishinda. Niliketi chini karibu na kitanda chake.

"Baba, nimekukosea nini? Chakula changu kina nini?"

Akanitazama kwa huruma. Anionee huruma mimi! "Hujakosa kitu, mama. Ila chakula cha nini tena? Daktari kawaambia, nanyi mkanificha kwa upole. Wembe mshanunua."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwao, siku ya kumaliza matanga wafiwa hunyolewa nywele, na ukoo wao hununulia kazi hiyo wembe mpya ambao haujamgusa mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mnyoaji wao miaka yote. Mzee aliona wembe, beseni na kitambaa cheupe, akajua ni vyake. Nami nikamwambia uko tayari!

"Felix!" nilipiga ukelele. Alikuja mbio, tai ikining'inia. "Mwambie baba wembe ni wa nini."

"Wa vipele, baba." Akamwonyesha shingo.

"Mtu hanunui wembe namna hii kwa sababu ya vipele," mzee alisema. "Na mbona hujautia usoni? Nakuona kila asubuhi. Unaufungua, unautazama, unasikitika."

"Naogopa kujikata, baba."

Mzee akafumba macho. Hakuamini hata neno moja. Basi nikaleta beseni na kioo, nikamwambia Felix anyoe sasa hivi mbele ya babake, kanisa litatungoja. Alijipaka povu, akauweka wembe shavuni, mkono ukitetemeka. Damu ikatoka. Akajaribu tena, ikatoka tena.

"Acha!" Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu mzee augue. Alikuwa ameketi. "Waushika kama wachimba muhogo. Ulaze! Vuta ngozi! Lete hapa."

Akanyoosha mkono, nao ukatetemeka kuliko wa mwanawe. Aliutazama mkono huo kitambo. Kisha akaniambia, "Mama Boga, ule uji uko wapi?"

Alikunywa bakuli zima huku Felix akingoja, povu likimkaukia usoni. Mimi nililia palepale mbele yao, wala sikujificha. Mzee alipumzika kidogo, akajifuta mdomo, akaujaribu wembe kwenye vinyweleo vya mkono wake.

"Umechagua vizuri," alimwambia mwanawe. "Ila huu ushaonja uso wa mtu, haufai tena kwa matanga yangu. Siku hiyo mtatafuta mwingine. Haya, inua kidevu."

Felix akainua.