Andika Naweza Kubadilika

Jumatano alasiri, kiyoyozi kikivuma kwenye shingo za wapigaji simu na jirani yake akila sambusa kwa siri chini ya meza, kompyuta ilimuunganisha Lois na nambari ya baba yake, aliyefariki mwaka juzi. Simu iliita kidogo tu. Mzee Naftali hakuwa mtu wa kumngojesha mwenzake.

"Nani mwenzangu?" aliuliza.

Lois alinyoosha mgongo akasoma maneno yaliyokuwa kwenye skrini, kwa kuwa simu zote zilirekodiwa na msimamizi wao, Madam Ghada, alipenda kusikiliza. Alisema anapiga kwa niaba ya kampuni ya utafiti, kuhusu kura za mchujo za chama, na kwamba majibu yatabaki siri. Ofisi ilikuwa Dubai, karibu na uwanja wa ndege, kwa sababu mwenye kampuni aligundua kwamba Wakenya wa kupiga simu Kenya wanapatikana kwa urahisi zaidi huku kuliko kwao.

"Umri wako, mzee?"

"Sabini na moja. Siongezeki tena."

"Kuna mtu wa nyumba yako anayeishi nje ya nchi?"

"Yuko binti yangu, Lois, huko Dubai. Anakula vizuri?"

"Swali hilo halina nafasi hapa, mzee. Lakini anakula."

Jina la mzee lilikuwa bado kwenye daftari la wapiga kura, na kompyuta ilimpigia kila aliyekuwa kwenye daftari. Kwa hiyo hapakuwa na la kushangaza. Lois mwenyewe hakumzika baba yake. Mwaka ule alikuwa akifanya kazi za ndani, na arbab wake, yaani mwajiri, alisema ruhusa itapatikana, inshallah, mpaka mazishi yakapita. Aliyatazama kwenye simu akiwa amesimama jikoni. Picha ilikwama jeneza likiwa nusu ya kwenda chini, na haikusonga tena. Jambo hilo lilimuuma, na bado lilikuwa likimuuma.

Alimuuliza mzee angemchagua nani. Mzee alisema Harrison, afisa kilimo wa zamani, aliyewahi kuvua viatu akaingia naye kwenye matope ya shamba. Hilo Lois alilijua. Baba yake alikuwa mtu wa msimamo hadi kuudhi. Alikalia benchi moja kanisani maisha yake yote, akaoga sabuni ya aina moja, na alizikwa na laini yake ya simu mfukoni kwa sababu alikuwa amekataa katakata kuibadilisha.

"Uamuzi huo ni thabiti, au unaweza kubadilika kabla ya siku ya mchujo?"

"Nikisema thabiti, inakuwaje?"

"Hatukusumbui tena."

"Na wale wa kubadilika?"

"Tunawapigia kila wiki, kuona wameegemea wapi."

Upande wa pili Lois alisikia kuku, na mtu akipasua kuni. Kisha mzee alikohoa, kikohozi cha mtu ambaye hajazoea kusema uongo.

"Andika naweza kubadilika."

Tangu hapo Lois alianza kuvaa blauzi yake nzuri kila Jumatano. Teopista, Mganda aliyelala kitanda cha juu katika chumba chao mtaa wa Discovery Gardens, alimuuliza kama kuna mwanamume.

"Ni baba yangu."

"Si alikufa?"

"Alikufa."

"Msalimie," Teopista alisema, akaendelea kupiga pasi sare yake ya hoteli.

Mzee aliyumba kwa bidii. Wiki hii alisema Ronny, tajiri wa mahoteli, wiki iliyofuata Harrison, kisha akasema anamwomba Mungu amwongoze. Wenzake huko aliko walimcheka, naye alivumilia. Kwenye swali la huduma za afya alimwambia Lois kwamba mguu haumsumbui tena. Kwenye swali la hali ya maisha alisema hana kinyongo na mtoto asiyefika mazishini, maana alijua hakuachiwa njia. Lois alibonyeza "Ameridhika kiasi" na kufuta macho kwa ukingo wa blauzi.

Madam Ghada alifurahishwa na kazi hiyo. Wenye msimamo hawana faida kwa mteja, aliwaeleza. Mali ni hawa wanaoyumba. Majina yao yalitumwa kwa mteja, na mteja alikuwa watu wa Ronny.

Siku ya mchujo Lois hakuwa na kura, kwa kuwa alikuwa Dubai, ingawa alikuwa hai. Baba yake alikuwa nayo. Jumatano iliyofuata alimweleza.

"Nimepiga kura," alisema. "Kituo kilikuwa bado hakijafunguliwa. Nimeamka, kidole kina wino, na sijatoka hapa."

"Ulimpigia nani, mzee?"

"Wanasema Ronny."

Marehemu wote wa kata yao waliosema wanaweza kubadilika walikuwa wameamka na wino. Marehemu thabiti hawakuguswa. Inaonekana hata wizi una adabu zake. Ronny alishinda.

"Nisamehe, Baba," Lois alisema, na maneno hayo hayakuwa kwenye skrini. Madam Ghada alimpa onyo.

Mwezi uliofuata ulianza utafiti wa uchaguzi mkuu, kwa daftari lile lile. Kwenye skrini paliongezwa kitufe kimoja: "Amefariki". Lois alikitazama asubuhi nzima. Nambari ya baba yake ilipokuja, alishusha sauti.

"Baba, kuna kitufe hapa. Nikikibonyeza, watakuondoa kwenye daftari. Hakuna atakayekutumia tena."

"Na wewe?"

"Kompyuta haitanipa nambari yako."

Mzee alifikiri. Kuku walikuwa wakilia kama siku ile ya kwanza.

"Wino huu hautoki," alisema. "Nimejaribu hata sabuni yangu."

"Najua, Baba."

"Lakini vidole vingine bado ninavyo. Andika naweza kubadilika."

Lois aliandika. Kompyuta ikampangia Jumatano.