Kitanda cha Bi Harusi

Saa tatu asubuhi mzee Kwato alifungua mlango wa banda la farasi, akaona sementi. Sementi tupu, kama ukumbi uliopigwa deki. Jana mchana alikuwa ametandika humo mabua ya ngano, marobota mawili mazima.

Siku tatu nyuma farasi jike wa banda hilo, aliyeitwa Bi Harusi kwa maringo yake, alipasuliwa tumbo kwa msokoto wa utumbo. Daktari wa mifugo alimrudia Kwato masharti mpaka yakamkaa kichwani: konzi moja ya majani mabichi kila baada ya saa nne, asubuhi hadi magharibi, basi, maana utumbo uliotoka kushonwa hauwezi mzigo. Mtembeze kidogo kidogo. Gusa kwato zake, zikipata joto nipigie. Angalia mshono. Hesabu mavi.

Kwato, mtunza farasi kwa miaka ishirini na sita, aliyatii yote. Majani makavu aliyafungia stoo. Ndoo ya pumba aliipeleka hadi nyumbani, mkewe akamcheka: "Sasa mume wangu, hizi tule sisi?" Kisha huruma ikamwingia. Mgonjwa mwenye mshono alalie maranda yanayochoma? Akamtandikia mabua. Mtu aliyeficha hata ndoo, akamwekea mwenye njaa kitanda cha kuliwa! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Kwato alikuwa na upara.

Bi Harusi alisimama kichwa chini, jasho likimtiririka, akigeuka kulitazama tumbo lake. Kwato aliweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima hunguruma mchana kutwa. Hili lilikuwa kimya kabisa.

Alimpigia daktari, naye akaja mbio.

"Amekula nini?"

"Konzi zake tu, daktari." Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria, akaushangaa mdomo wake mwenyewe.

"Naona umeshafagia. Vizuri." Daktari alitoa sindano. "Basi ni utumbo umechoka. Nampa ya maumivu, tusubiri."

Tusubiri! Kwato aliona wazi kwamba wakisubiri, atamzika. Kazi ingepotea, jina lingepotea, lakini mnyama alikuwa bado anapumua.

"Daktari, ngoja. Sikufagia. Amekula kitanda chote."

Sindano ilibaki hewani. Daktari aliitazama sakafu, akamtazama yeye. Kisha alimpitishia farasi mpira puani hadi tumboni, na maji ya kahawia yenye uvundo yakafoka, yakajaza ndoo nzima. Akamtundikia dripu shingoni. Wakamtembeza hatua kumi, wakapumzika, wakamtembeza tena, na ndoo ikajaa mara ya pili.

Saa kumi jioni Bi Harusi aliinua mkia. Yakatoka mavi magumu, vipande vya mabua vimechomoza. Kwato alilia waziwazi, wala hakujifuta.

Daktari alikuwa amekaa chini kwenye sementi, uso umempauka.

"Mzee wangu," alisema, "jana jioni ulipokwenda kunywa chai nilipita kumsikiliza. Nilisimama juu ya hayo mabua. Nikajiambia, huyu mzee anajua kutandika."

Kutwa nzima Kwato alikuwa amejiandaa kutukanwa na mtu mmoja, na mtu huyo sasa ndiye aliyekuwa akiungama kosa lilelile.