Chumvi Haina Sauti

Mafua yaliniacha baada ya wiki mbili, lakini hayakuondoka mikono mitupu: yalichukua pua yangu na ulimi wangu. Nilinusa kitunguu saumu nikasikia hewa tupu. Nilitafuna pilipili, ikaniwasha tu, ladha hakuna. Daktari alisema huenda vikarudi, huenda visirudi, akasema hivyo huku akiandika bila kuinua macho. Nikatoka pale na neno moja kichwani: mama mkwe asijue.

Maana yeye ndiye aliyenipa sifa. Siku ya kwanza kula kwangu alimwambia mwanawe mbele ya watu, "Huyu ana mkono. Hapa umepata." Sina sifa nyingine kwake. Kubembeleza sijui, kunyamaza ndiyo kabisa, na nyumba yangu haiishi nyuzi kwa sababu kazi yangu ni kukata mashati kiwandani. Mkono ukiondoka, nitabaki na nini mbele yake?

Basi nikaanza kupika kwa masikio na macho. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta hupiga kelele. Kelele zikipungua, kimeanza kugeuka rangi, usikiache. Nyanya zikiiva, mafuta hujitenga pembeni. Tangawizi nilikata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nisipunguze wala nisiongeze. Vyakula vyenyewe ni vile vya siku zote, vya mtu aliyetoka kazini: maharage ya kitunguu kingi, kabichi ya mayai, viazi vya nyanya. Kitu kimoja tu kilinishinda. Chumvi haina sauti wala rangi. Mimi niliyezoea kuitia kwa vidole huku nikigombana na mtu, sasa nilisimama na kijiko mkononi nikitoka jasho.

Watu wakala, wakasifia, na sifa hizo zikaninyima raha. Nilijua kubahatisha hakuwezi kupatia kila siku. Halafu kulikuwa na mume wangu. Ni fundi bomba, mtu wa maneno machache, na kwa miaka kumi na miwili hakuingia jikoni ila kuuliza kama tayari. Sasa kila jioni, nikitoka tu kuanua nguo, namkuta humo.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia hili bomba. Naona kama linavuja."

Niliweka kitambaa chini ya sinki usiku kucha. Asubuhi kilikuwa kikavu. Fundi gani anahitaji wiki tatu kujua bomba halivuji? Kazini nikalikatia shati moja mikono miwili ya kushoto, msimamizi akaniuliza mteja huyo ni wa aina gani. Sikucheka.

Jumatano nikatega mtego. Nilichukua chaki ya kukatia, nikachora mstari kwenye chupa ya chumvi, sawasawa na chumvi ilipofikia. Nikapika maharage bila kutia hata punje. Kisha nikatoka nje kuanua nguo, nikakawia makusudi. Mezani nikamtazama binti yetu, ambaye ana miaka tisa na tunamwita Shangazi kwa jinsi anavyokosoa kila kitu.

"Maharage vipi leo?"

"Matamu," akasema. "Kuliko ya jana."

Nikaenda jikoni. Chumvi ilikuwa imeshuka chini ya mstari.

Kumbe mume wangu anajua. Nilishikwa na hasira, kisha aibu, kisha kitu ambacho sikutaka kukiita shukrani. Nikaamua kutotia chumvi tena, maana atatia yeye, na siku tatu tukaishi hivyo, kila mmoja akijifanya mjinga.

Jumapili mama mkwe akaja kula mchana. Viazi vilikuwa ndiyo kwanza vinachemka simu ya mume wangu ilipoita: kwa mteja bomba limepasuka, maji yamefika kwenye magodoro. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Narudi sasa hivi," akasema, akabeba mkoba wake wa vifaa.

Hakurudi sasa hivi. Nilifunua sufuria, nikaifunika. Nilichota chumvi, nikairudisha kwenye chupa. Nilienda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Viazi vikaiva, nyanya zikajitenga na mafuta, nami bado nazunguka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naumbuliwa na viazi.

"Mama, bibi anauliza unapika au unahama," Shangazi akasema mlangoni. Nyuma yake alisimama bibi mwenyewe.

"Unatafuta sindano, mwanangu?" akauliza. "Tangu nimefika nasikia miguu yako tu."

Nilichota mchuzi kwa mwiko. Tone la kwanza likaanguka sakafuni, la pili nikalidondosha kwenye kiganja chake.

"Nionjee, mama. Mimi sisikii ladha. Mwezi sasa."

Akalamba.

"Hauna chumvi kabisa."

"Najua."

Akachukua chupa, akauona mstari wa chaki, mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Sufuria hii, vijiko viwili vidogo, halafu unaonja," akasema huku akitia. "Ndivyo nilivyomwambia mumeo. Wiki ya kwanza alinipigia simu kila jioni, ananong'ona kama mwizi. Mama, maharage ya watu watatu chumvi kiasi gani? Nikamuuliza, umeanza lini kupika? Akasema sipiki, mpishi ni yuleyule."

Nikaketi kwenye kigoda. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa.

"Nilidhani ukijua utasema sina tena mkono."

"Mkono unao. Kilichoharibika ni ulimi, na huo, mwanangu, hata ulipokuwa mzima ulikuwa unatusumbua."

Nilikuwa bado nafuta uso mume wangu alipoingia, suruali imelowa hadi magotini. Hata salamu hakumpa mama yake. Alipita moja kwa moja, akainama chini ya sinki.

"Naangalia tu hili bomba," akasema.

"Bomba ni zima," nikamwambia, nikachota kwa mwiko. "Lete kiganja."