Mlango wa Uani

Sina subira na wajuaji, na kazi yangu ni kuwajibu wajuaji. Miaka ishirini na sita sasa naandika safu ya maswali ya wasomaji gazetini, kila Ijumaa: nani aliimba, nani aliigiza, tamthilia fulani iliishia wapi. Msomaji anakata kuponi ukurasa wa kumi na nne, yenye namba ya toleo la wiki hiyo, anaandika swali, anatuma. Nina makabati mawili ya kadi na sharti moja ambalo hata mhariri haligusi: neno "sijui" halitoki kwenye safu yangu. Nitampigia simu mpiga gitaa mstaafu mpaka anikimbie, lakini jibu litapatikana.

Sasa kuna jamaa wa gazeti lile jingine, sisi humwita Kasuku. Majibu yangu ya Ijumaa yeye huyatoa Jumatatu, neno kwa neno, bila hata haya. Nikasema ngoja, utanitambua. Katika kazi hii kuna ujanja wa zamani wa kutega chambo: unabuni jibu moja la uongo, unalichomeka katikati ya majibu ya kweli, mwizi akilimeza umemkamata. Basi nikajiuliza swali mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Nikaandika kwamba zamani kulikuwa na tamthilia ya televisheni iliyoitwa Mlango wa Uani, ikarushwa msimu mmoja tu, na nyota wake alikuwa mtoto aliyejulikana kwa jina la Chiriku.

Jina hilo sikulitafuta mbali. Ndivyo tulivyomwita mdogo wangu nyumbani, kwa vile alikuwa haishi maneno. Alifariki kwa homa akiwa na miaka minane, mimi nikiwa na kumi na miwili. Kwa nini nilimtia yeye kwenye uongo wangu, mpaka leo najiuliza.

Kasuku hakumeza. Walimeza wasomaji.

Kuponi ya kwanza ilifika Jumanne. "Umenikumbusha mbali! Yule mtoto aliyekuwa akifurahi anaruka kwa mguu mmoja, yuko wapi siku hizi?" Nikampelekea mhariri. Watu bwana, nikamwambia, ukiwaambia mbuzi aliwahi kusoma taarifa ya habari, watakueleza alivaa tai gani. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Niliporudi mezani kicheko kikanikauka, maana mdogo wangu alikuwa akifurahi anaruka kwa mguu mmoja, na mimi sikuwa nimeandika hivyo popote.

Wiki ile zikaja nyingine kumi na moja. Mmoja anakumbuka kovu la kidevuni. Mwingine anakumbuka gauni la njano lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti, kifungo nilichokishona mimi kwa mkono wangu. Nikasema basi, yatosha, naandika masahihisho: tamthilia hiyo haikuwepo na mtoto huyo hakuwepo. Nilikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima. Vidole viligoma kabisa kuandika kwamba Chiriku hakuwepo.

Naishi na mama. Husoma safu yangu kwa lenzi, mstari kwa mstari, na hajawahi kunisifu hata siku moja. Ijumaa ile aliweka gazeti magotini akaniuliza, "Hiyo tamthilia iliishaje?"

"Mama, nimeitunga tu. Ni mtego wa Kasuku."

"Mimi nimekuuliza iliishaje."

Wiki ya tatu maswali yote yakawa swali moja. Kuponi thelathini na nne, kila moja na mwandiko wake, zote zinauliza sehemu ya mwisho. Mtoto yuko kitandani, ana homa. Ubavuni mwa kitanda kuna kiti cha chuma. Mtoto anaita dada, mara tatu, na kiti ni kitupu. "Tafadhali tujibu, dada mtu alikuwa wapi?"

Hapo niliogopa, sitaficha. Alasiri aliyofariki mdogo wangu, mama alikwenda kutafuta dawa. Alinikalisha kwenye kile kiti akaniambia usibanduke, akizidiwa pita mlango wa uani ukamwite jirani. Aliporudi nilimwambia sikubanduka, mdogo wangu alilala tu nikiwa nimemshika mkono. Miaka arobaini nimelishikilia neno hilo, na nikadhani ndilo linalompa mama usingizi. Mle chumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kunisuta.

"Jibu au kanusha," mhariri alinifokea. "Simu zimejaa mpaka mapokezi hawapumui."

Kukanusha ni mstari mmoja, na ningekuwa salama. Lakini kukanusha kulikuwa ni kumwacha Chiriku aite tena bila kuitikiwa. Nikaandika hivi: "Dada alipita mlango wa uani, lakini hakwenda kuita mtu. Nyumba ya jirani ilikuwa na televisheni, moja tu mtaa mzima. Alisema atatazama dakika tano. Aliporudi, mdogo wake alikuwa ameshakufa, naye akamdanganya mama yake."

Ijumaa nilisimama mlangoni nikimtazama mama anavyosoma. Lenzi ilikwenda, ikasimama, ikarudi nyuma, ikaenda tena.

"Niliporudi siku ile nilikaa kwenye kile kiti," mama akasema. "Kilikuwa baridi."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilikuwa nangoja uniambie, mwanangu."

Nililia kama mtoto, nimeweka kichwa mapajani mwake, naye akaniacha nilie.

Jumatatu nilikwenda kazini nimekuwa mwepesi. Sanduku la barua lilikuwa na kuponi moja tu. Imeandikwa kwa penseli, imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka, na mtu mmoja tu ndiye niliyewahi kumgombeza kwa kuandika hivyo. Namba ya toleo ni ya Ijumaa hii inayokuja, gazeti ambalo halijaingia mtamboni.

"Asante dada. Ulikuwa unatazama nini?"

Nimepekua makabati yote mawili. Nina ratiba za mwaka ule, nina majina ya watangazaji, naweza kukwambia nani alipiga ngoma kwenye muziki wa kufungulia vipindi. Kuhusu alasiri ile nakumbuka mwanga wa buluu kwenye ukuta wa jirani, na watu wakicheka, na mimi nikicheka nao.

Leo ni Alhamisi. Mhariri amepita mara mbili kuniuliza nafasi ile nyeupe naijaza nini. Nimebaki na neno moja, lile ambalo sijawahi kulichapisha, na Chiriku ndiye wa kwanza nitakayemwambia.