Mbwa Mpole Aliyepangiwa Geti la Shule

Kampuni ile ya ulinzi ilikuwa na vizimba kumi na viwili vya mbwa, jiko moja la kuni, na mwanamke mmoja aliyewapikia mbwa wote. Walimwita Mama Sufuria. Sufuria yenyewe ilikuwa kubwa hata akitaka kuisugua inabidi aingie ndani mpaka kiunoni, na washika mbwa wakipita wanauliza, "Jamani, leo kunapikwa nini, mama mzima?" Naye anajibu kutoka ndani ya sufuria, "Napika midomo yenu, sogeeni."

Chakula kilitolewa saa tisa alasiri, uji mzito wa unga na mabaki ya nyama kutoka buchani. Saa hiyo washika mbwa wanakuwa wamejilaza kivulini, maana zamu ya usiku iko mbele yao. Kwa hiyo kampuni nzima, kuanzia bosi mpaka mfagiaji, aliyewaona mbwa wakila ni yeye peke yake. Wenzake waliwajua mbwa wakiwa kazini, kamba shingoni, hakuna bakuli karibu. Hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo, hata yeye mwenyewe hakuliona.

Mambo yalianza Jumatano. Mama Sufuria alikwenda ofisini kuomba sabuni, akamkuta bosi anaandika ratiba ubaoni. Shule ya msingi ya mtaa wa pili imeomba mbwa wa kukaa getini mchana, kwa sababu wezi wameng'oa mabomba mara mbili. Kwenye mstari wa shule bosi akaandika: Siagi.

Mama Sufuria alisahau sabuni. Shule ile ndiyo aliyokuwa akisoma mwanawe wa pekee, binti wa darasa la pili, mtoto aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kungoja. Na mtoto mwenyewe alikuwa na tabia moja ambayo hakuna kiboko wala pipi iliyoiondoa. Alikula huku anatembea. Maandazi, muwa, embe, chochote. Mkono mmoja kinywani, mwingine unaning'inia na kipande.

"Bosi," alisema, "Siagi asiende shule."

Bosi aligeuka na chaki mkononi. "Siagi? Yule anayelamba wageni?"

"Huyo huyo."

"Mama, yule ni labrado." Akanyoosha chaki ukutani. Pale palibandikwa karatasi kubwa yenye picha za mbwa wa kila mbegu, na chini ya kila picha tabia yake. Labrado: mpole, hupenda watoto. Rotwaila: mkali, hafai kwenye watu wengi. Bosi aliwapanga mbwa wake kwa karatasi hiyo kama mwenye duka anavyopanga soda, za rangi hii huku, za rangi ile kule. "Imeandikwa na wataalamu hiyo."

"Wataalamu hao wamewahi kumlisha Siagi?"

Kamba, mkuu wa washika mbwa, alikuwa mlangoni anakunywa chai. Siagi alikuwa kipenzi chake. Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mama Sufuria, wewe mbwa wenyewe wanakutia kiwewe. Rotwaila wetu, Lami, unamsukumia bakuli kwa upembo kama unachuma mapera! Leo umehamia kwa Siagi?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Ni kweli. Kwa miaka miwili Mama Sufuria hakuwahi kumsogelea Lami. Lami alikuwa mbwa mweusi tii, kichwa kama jembe, na mama huyo alipofika kazini siku ya kwanza aliambiwa hii ni mbegu ya kuua. Akatafuta fimbo ndefu yenye kulabu, na nyumbani akamwambia mwanawe habari za Lami kama watu wanavyosimulia zimwi.

"Kila mbegu na tabia yake, mama," bosi alimaliza.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema Mama Sufuria. "Na mbwa ana nywele mwili mzima."

Bosi na Kamba walicheka, na ratiba ikabaki vilevile. Shule ingeanza kupata mbwa Jumatatu.

Usiku ule hakupata lepe la usingizi, na kilichomnyima usingizi zaidi ni kwamba alijua kitu na alikuwa amekinyamazia. Siagi habweki akila, wala hangurumi. Ukipita karibu na bakuli lake anaganda. Mkia unasimama, mdomo unabaki ndani ya uji, jicho moja linakuangalia kwa upande mpaka weupe wake unaonekana. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mara ya kwanza mshindo ulipata ufagio. Mara ya pili ulipata ufagio tena, mama akaurudisha una alama nne za meno kwenye mpini. Hakusema kwa mtu. Angesema nini? Mbwa kang'ata ufagio? Tena alijiona mkosaji, maana kama mbwa mpole anakugeukia, basi lazima wewe ndiye uliyemchokoza. Ndivyo karatasi inavyomfanya mtu asiamini macho yake.

Alhamisi alipofika kazini alichukua glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, akaijaza matambara mpaka vidole vikasimama, akaifunga kwa waya kwenye mpini wa ufagio. Ikawa kama mkono wa mtu uliovimba. Kisha akaenda ofisini.

"Bosi, nakuomba dakika kumi tu. Saa tisa. Ukishaona, mpeleke unayemtaka."

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto pia. Saa tisa akaja, na Kamba nyuma yake anapiga miayo.

Mama Sufuria aliweka bakuli kwa Siagi. Mbwa akatikisa mkia, akamlamba bosi kidole kupitia wavu, akaanza kula. "Mnaona?" alisema Kamba. Mama Sufuria alipitisha mpini chini ya mlango, akausogeza ule mkono wa mpira taratibu kuelekea bakuli, kama mtoto anayetaka kugusa.

Mkia ukasimama.

"Tazameni jicho," alinong'ona.

Aliusogeza kidogo tena. Siagi hakutoa sauti. Aliurukia ule mkono, akaukamata kifundoni, akautikisa mara tatu, na matambara yakatapakaa kwenye uji. Kisha akarudi kula, na mkia ukaanza kutikisika tena kama hakuna kilichotokea.

Bosi alibaki anaangalia kidole kilichotoka kulambwa.

"Ni mpira ule," Kamba alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Mbwa anajua si mkono wa mtu. Na ukimkera mbwa yeyote kwenye chakula..."

"Watoto mia nne wenye maandazi," alisema Mama Sufuria. "Nani atawafundisha wote kutomkera kabla ya Jumatatu?"

Kamba aliinama, akaokota tambara moja, akalikunjakunja.

Bosi akashusha pumzi. "Haya. Siagi simpeleki. Lakini niliyebaki naye asiye na kazi mchana ni Lami tu. Wengine wote wana maghala." Akageuka. "Wewe ni mzazi wa pale. Utakubali huyu mweusi akae getini, mwanao anapita?"

Mama Sufuria alifungua kinywa kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini. Kisha akakumbuka kitu alichokiona siku nyingi na kukipa maelezo yake mwenyewe. Paka mmoja koko, ana mtoto, huja kula kwenye bakuli la Lami. Mara ya kwanza alisema mbwa kashiba. Mara ya pili akasema mbwa hajamwona. Miezi mitatu paka anakula na Lami, na yeye kila siku anatafuta sababu ya kutoona. Basi naye alikuwa na karatasi yake, ila hakuibandika ukutani.

"Sijui," alisema. Ndilo jibu la kweli alilokuwa nalo.

Akachukua ufagio na ile glavu iliyochanika, akaupitisha kwa Lami aliyekuwa anakula. Lami aliinua kichwa, akaunusa, akarudi nyuma hatua mbili, akakaa. Uji ukawa unamdondoka kidevuni.

"Mpini hautoshi," alisema Mama Sufuria. "Kamba, mvishe kamba umshike. Nataka kuingia."

"Mama, acha ujasiri wa kwenye sinema."

"Mshike, baba. Nikijibu kwa mdomo tu nitakuwa kama ile karatasi yenu."

Kamba akamvisha Lami kamba na kumshika karibu na shingo. Mama Sufuria aliegemeza upembo ukutani, akasukuma mlango. Alisimama kwanza, Lami amwone. Akasema jina lake, mara ya kwanza kulitamka bila kulifuatisha na tusi. Akachuchumaa, akaweka mkono kwenye ukingo wa bakuli. Mbwa akaendelea kula. Akalivuta bakuli kidogo. Mbwa akalifuata. Akaliinua. Lami akamtazama usoni, akasubiri, kama mteja anayejua zamu yake itafika. Akamrudishia.

Walirudia Ijumaa, wakarudia Jumamosi, na Jumapili bosi akaja na wanawe wawili wakasimama nje ya wavu wanakula mikate na kupiga kelele. Siku zote ilikuwa vilevile. Hapo ndipo Mama Sufuria akasema, "Huyu nakubali. Lakini awe mkononi mwa Kamba, na watoto wasimguse bila ruhusa. Mpole naye ana meno."

Jumatatu wazazi walipoona kile kichwa getini, ilikuwa kizaazaa. Mmoja alimnyanyua mwanawe mzima mzima akapita naye juu juu. Mwalimu mkuu alitaka kupiga simu kampuni. Mama Sufuria alikuwa amesimama pale na aproni yake, ameomba ruhusa ya saa moja, akaeleza mara ishirini. Binti yake alimvuta sketi. "Mama, huyu si ndiye yule wa kula watu?"

"Nilikosea, mwanangu. Sikumwangalia vizuri. Lakini andazi tia mfukoni mpaka upite."

Mtoto akalitia. Alipopita geti tu, akalitoa.

Mwalimu mkuu alikubali kwa mwezi mmoja wa majaribio. Siagi akapelekwa ghala la mabati, mahali asipokula mtu wala kupita mtoto, na Kamba anasema huko anafanya kazi vizuri mno. Mbwa yule hakuwa mbaya. Alipangiwa vibaya tu.

Ingeishia hapo ingekuwa heri. Lakini wiki ya tatu, saa ya kuchukua watoto, Mama Mapacha, jirani yake wa chumba cha tatu, ambaye wanawe bado hawajaanza shule, alimkimbilia getini anang'aa uso.

"Shoga! Na mimi nimechukua! Kitoto cha rotwaila, cha miezi mitano. Mapacha wanataka kufa kwa furaha. Baba yao alikataa, nikamwambia, nenda shuleni ukaone mwenyewe, kumbe mbegu ile ni wapole vile!"

Mama Sufuria alimkatiza.

"Mimi sikusema mbegu ile ni wapole. Nilisema huyu. Huyu mmoja, baada ya siku nne."

"Si ndugu zake?"

"Na wewe na dada yako si ndugu? Mko sawa?"

Mama Mapacha alifikiri juu ya dada yake, na ile furaha ikapungua usoni. "Yule? Hata kidogo."

"Yuko na nani sasa hivi, huyo mbwa?"

"Mapacha. Nimewaachia nyumbani wamlishe."

Mama Sufuria hakungoja kengele. Alimwomba Kamba amwangalie binti yake akitoka, akamshika shoga yake mkono, wakatoka getini mwendo wa haraka kuelekea nyumbani, halafu wakaanza kukimbia, wanawake wawili wazima, kanga zimefungwa vibaya, na watu wakasimama kando wakiuliza kuna nini.