Chesisi Kwanza

Pale Nyalenda watu wanajua kwamba Maximilla akishika neno, ameshika. Mwezi mzima alikuwa ameshika hili moja: chesisi kwanza, injini baadaye; mifupa ya gari kabla ya nguvu zake. Aliyekuwa akiambiwa ni Mzee Zadock, mhadhiri mstaafu wa Maseno, mwenye gari la Kimarekani la mwaka wa sitini na nane, milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu. Mzee alikuwa ameshaagiza injini kubwa zaidi na kuiweka nyumbani. Alitaka ifungwe upesi, maana mbio za magari za kupanda mlima zilikuwa zimebakiza wiki sita, na mtu wa miaka sabini hana wiki za kuchezea.

Kwa Maximilla, kazi hiyo ilikuwa jina. Tangu aje Kisumu kutoka Port Victoria na mashine yake ya kuchomelea, watu walimletea mageti na mikokoteni. Fundi aliyefunga injini kama ile haitwi tena fundi wa mageti. Aliitamani kazi hiyo mpaka usingizi ukampaa, na bado akakataa kuigusa injini.

"Mzee, hii gari inajikunja," alimwambia.

Mzee akaanza kumweleza habari za nguvu na mwendo, kama vile yuko mbele ya darasa. Maximilla hakubishana. Aliinua pembe moja ya mbele kwa jeki, akamwomba afungue mlango. Mlango ulikwama. Akashusha jeki, mlango ukafunguka. Kisha akamwambia alipeleke gari kwenye tope na kukanyaga mafuta. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka palepale likichimba shimo, na lenzake likatulia kama mgeni asiyehusika. Nguvu unayo tayari, Maximilla alimwambia, ila haifiki chini. Ukiongeza nyingine utachimba kisima. Mzee alicheka, akakubali, na tangu hapo akawa anamwita Nyar Samia, binti wa Wasamia.

Maximilla alianza na nyuma. Alifunga springi ngumu na tairi pana, akabadilisha na difu, gia za ekseli ya nyuma, ili magurudumu yote mawili yavute pamoja. Kisha akakata vyuma viwili vya kuunganisha chesisi ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa katikati gari hilo lilishikiliwa na bati la sakafu tu.

Hapo mvua ikaingia. Udongo mweusi wa Nyalenda ukilowa hauna adabu. Kila kizito unakimeza. Ili apate kulala chini ya gari, Maximilla alilitundika juu ya stendi nne zilizokalia mbao, mbili puani, mbili mkiani, akachomelea siku mbili. Alipolishusha, mlango wa dereva ulikwaruza.

Akaenda kutazama mbao. Moja ilikuwa imezama vidole viwili, na stendi yake pamoja nayo. Gari lilikuwa limejikunja huko juu, naye akalichomelea hivyohivyo. Kazi kama ile hufanywa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, mahali pagumu, na hilo alikuwa akiwahubiria mafundi wenzake kila siku. Mganga hajigangi. Hapo alifanya jambo la aibu: akalegeza bawaba, akausogeza mlango kidogo, ukafunga vizuri.

Kesho yake Mzee alikuja. Aliinua pembe kwa jeki yeye mwenyewe, akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, uso umemjaa furaha. Akasema sasa injini iletwe. Maximilla alikuwa ameyangoja maneno hayo mwezi mzima, na yalipofika yalimchoma. La kuvunda halina ubani.

"Usilete, Mzee," alisema. "Imekaza, lakini imekaza ikiwa imepinda. Ni mimi nimeipinda."

Alifunga uzi chini ya gari kutoka pembe hadi pembe, kisha mwingine ukipita juu ya wa kwanza kama msalaba. Nyuzi zilipokutana katikati zilipaswa kugusana, lakini zilipishana kwa upana wa kidole. Mzee aliuliza yeye angejua lini kwamba gari limepinda. Maximilla akamjibu kwamba angejua siku ya kukanyaga breki akiwa mbio, gari limvute kando. Akauliza tena, mbona mlango unafunga? Maximilla akamweleza habari ya bawaba, na hapo ndipo uso wa Mzee ulipobadilika. Kosa angelimeza, bawaba ilimkaa kooni. Alisema gari atalichukua baada ya wiki mbili na injini itakwenda kwa fundi mwingine, akaondoka bila kuaga.

Maximilla alilia, hakujificha. Kisha akachukua grainda, akavikata vyuma vyote viwili. Aliomba nafasi kwenye sakafu ya saruji ya mahali pa kuoshea magari kule Dunga, akalisimamisha gari kwa magurudumu yake, akaanza upya. Ilimchukua siku tisa.

Mzee alipokuja alizitazama nyuzi zikigusana, akasema uzi ni uzi tu. Alimwambia Maximilla aendeshe, yeye akaketi kando yake. Walishika barabara ya kwenda Katito mpaka wakapata mahali paliponyooka, hakuna gari mbele wala nyuma. Mshale wa mwendo ulipofika themanini, Mzee alisema polepole:

"Achia usukani. Kanyaga breki."

Maximilla aliogopa. Angeweza kukataa, lakini aliweka mikono yote miwili magotini, akakanyaga. Boneti iliinama, tairi zikalia, gari likasimama katika mstari wake lenyewe. Mzee alishuka, akazitazama kwa muda mrefu alama za tairi zilizobaki nyuma yao. Akarudi, akainama dirishani.

"Ile bawaba ulirudisha?"

"Nilirudisha, Mzee."

"Basi kesho ukuje kwangu na watu wanne, Nyar Samia. Hiyo injini iko nzito."

Maximilla alimfungulia Mzee mlango, kisha akaliwasha gari.