Mkwe wa Kitanda cha Dirishani

Tangu binti yake Mianda aolewe, Mama Ngalula hakuwahi kumtazama mkwe wake usoni. Kwa Waluba wa Kasai, mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja wala hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Mbuyi, mume wa Mianda, alikuwa kijana aliyelelewa vyema. Akimwona mama mkwe sokoni Manika, alijibanza nyuma ya marobota ya vitenge mpaka apite, na Ngalula, akijua, aliharakisha ili asimchoshe.

Kisha ukuta wa mgodi ukamporomokea Mbuyi. Walimleta réanimation, chumba cha walioumia vibaya na waliotoka kupasuliwa, na humo ndimo Ngalula alimofanya kazi ya uuguzi tangu apate diploma. Daktari alimpasua tumbo, akatoa wengu uliochanika, akashona. Wakamlaza kitanda cha dirishani.

"Huyu ni wako," Ngalula alimwambia mwenzake Polycarpe. Vitambulisho vya Polycarpe vilisema Banza tangu serikali ifute majina ya Kizungu, lakini wodini hakuna aliyejisumbua kubadili. "Kumwosha, kumugeuza, bandeji, mukojo, yote."

"Citoyenne wa diplome anaogopa muko, bwana ya binti yake?" Polycarpe alitania, akimwita "raia" kama serikali ilivyoagiza.

"Diplome haikuzaa binti. Mi njo nilizaa. Fanya kazi."

Polycarpe akaifanya. Nje, kwenye benchi, Mama Tshilombo, mama mzazi wa Mbuyi, alitazama ndani kupitia kioo cha mlango. Kila Ngalula aliposogelea dirisha, shingo ya yule mama ilirefuka.

Jumapili mchana Polycarpe aliitwa chumba cha upasuaji. Dereva wa lori alikuwa amevunjika miguu. Ngalula akabaki peke yake na wagonjwa wote. Alipofika kitanda cha dirishani alisimama nyuma ya pazia, uso kaelekeza ukutani.

"Muko, tumbo inauma?"

"Hapana, mama. Iko muzuri."

"Kichwa inazunguka?"

"Hata kidogo, mama. Aksanti."

Akaenda kubadilisha chupa ya maji ya mshipa ya mgonjwa wa jirani, na mikono yake ikiwa bado kwenye ile chupa, sauti ya Mbuyi ikamrudia. Maneno yalikuwa mazima, lakini pumzi ilikuwa fupi, kama ya mtu aliyepanda kilima na gunia kichwani. Mgonjwa mwingine aliyekatwa tumbo juzi akisema "iko muzuri", Ngalula angemwita mwongo na kufunua shuka palepale. Huyu alimwamini. Mkwe gani wa Kiluba angemweleza mama wa mke wake habari za tumbo lake? Alimwuliza kijana swali ambalo heshima ilikuwa imeshalijibia, kisha akalipokea lile jibu kana kwamba amempima.

Alirudi, akainama kuutazama mfuko wa mkojo chini ya kitanda. Ulikuwa karibu mtupu, na kile kidogo kilichokuwamo kilikuwa cheusi kama chai ya rangi.

Akasukuma pazia kando. Mbuyi alivuta shuka mpaka kidevuni. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na jasho lilikuwa limelowesha mto.

"Mama, hapana. Ngoja Polycarpe."

"Polycarpe haiko. Achia shuka."

"Mama, nakuomba."

Ngalula alimtazama usoni. Kijana alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi. Mianda hakuwahi kulitaja. Kioo cha mlango kilikuwa mgongoni pake na alijua nani yuko nyuma yake. Akavuta shuka lote.

Damu ilikuwa imepita bandeji na kufika godoroni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na mapigo ya mkono yalikwenda mbio, membamba kama uzi. Mbuyi alijifunika macho kwa kiwiko. Ngalula alifungua maji ya mshipa yashuke kwa kasi, akapaza sauti kumwita daktari, na kitanda kikasukumwa kurudi chumba cha upasuaji.

Alipotoka nje, Mama Tshilombo alikuwa amesimama.

"Ulimufunua mutoto wangu."

"Nilimufunua."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Na yeye aliona kama ni wewe?"

"Aliona."

Mama Tshilombo alikaza kitenge kiunoni. "Kwetu hapo kunatoka mbuzi, ya kusafisha hii aibu."

"Itatoka. Kwanza yeye atoke salama."

Walikaa benchi moja, mmoja huku, mwingine kule, hadi daktari akaja. Uzi uliofunga mshipa mmoja ulikuwa umelegea, ameufunga upya. Atapona, alisema, akichungwa kwa karibu.

Mbuyi alirudishwa dirishani. Ngalula alisimama mlangoni, macho yakimtafuta Polycarpe, ambaye bado alikuwa akishughulikia miguu ya dereva.

"Unangoja nani?" Mama Tshilombo alisema nyuma yake. "Ulishaona. Sasa ukianza kumwangalia nusu, hii aibu tutakuwa tuliibeba bure. Ingia."

Ngalula akaingia. Mbuyi alikuwa ameanza kuzinduka. Alipomtambua, alifumba macho kwa nguvu.

"Fumba tu, muko," Ngalula alisema, akivuta kiti. "Mi nataka mukono, nipime mapigo."

Mbuyi akautoa chini ya shuka, polepole, akampa.